Tazama mwezi kabla ya kufunga pilau: Mwongozo wa familia kwa siku ya ufuoni

Idi ndogo ya miaka mitatu nyuma tulikwenda ufuo wa umma wa Bamburi, ule ambao wengi wetu twauita Pirates. Tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya matatu ya kukodi: mama yangu, dada zangu wawili, mke wangu na watoto wa kila umri. Tulifika mwendo wa saa tano, baada ya swala na staftahi ya Idi. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, mchanga umetanda, na lile fungu lililo mbele lilionekana kama uwanja wa mpira. Watoto wakubwa wakaomba ruhusa ya kwenda huko. Nikawapa. Maji yaliyokuwa katikati hayakuwafika hata magotini.

Ilipofika saa nane tukagundua kuwa mpwa wangu wa miaka tisa hakurudi na wenzake. Alikuwa bado kwenye fungu akichimbua kaa, na pale alipopita kwa miguu maji yalikuwa yamemfika mtu mzima kifuani, tena yanakokota. Aliyemfuata ni kijana mmoja anayekodisha tyubu. Alimrudisha salama, alhamdulillahi, lakini mama yake alikuwa ameketi mchangani hawezi kusimama.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Mimi mwenyewe nimekulia umbali wa kutembea kutoka baharini. Siku ile ilikuwa mosi Mfunguo Mosi, mwezi mwandamo, na kila mtoto wa mvuvi ajua kwamba mwezi ukiandama maji ni bamvua. Nilijua, na sikufikiria. Tangu hapo familia yangu haiendi ufuoni kabla ya mtu kuuliza: leo ni mwezi ngapi?

Kila likizo ya shule ikikaribia napata maswali yale yale kutoka kwa jamaa na majirani: twende wapi na watoto, tufanye nini, tusitumie pesa nyingi. Nimeamua kuyaandika majibu yote mahali pamoja. Naanza na maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua mengine yote.

MAJI NA TAREHE ZA MWEZI

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku moja na usiku wake, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa kuwa kalenda yetu ya Kiislamu yafuata mwezi, na bahari nayo yafuata mwezi, tarehe ya mwezi peke yake yatosha kukupa picha ya siku nzima. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini kwa Mombasa, Kwale na Kilifi itakusaidia sana.

Tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17: bamvua. Maji hukupwa sana mwendo wa saa nne hadi saa tano na kitu asubuhi, na hujaa sana saa kumi hadi saa kumi na moja na kitu jioni. Tofauti ya kimo kati ya kukupwa na kujaa hupita mita 3.

Tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24: maji mafu. Hujaa karibu na adhuhuri na hukupwa karibu na magharibi. Tofauti ya kimo ni mita 1 hivi tu, na mkondo ni mdogo.

Siku zilizo katikati: maji yako njiani kutoka hali moja kwenda nyingine. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita na hutakosea sana.

Hata kama msikiti wenu na msikiti wa jirani wamehitilafiana siku moja katika kuandama, hesabu hii haiharibiki.

Sasa tazama sikukuu zetu mbili. Idi ndogo ni mosi Mfunguo Mosi, kwa hivyo daima huangukia bamvua. Mchana fungu huwa wazi na lavutia, na alasiri, wakati familia nyingi ndipo zinapomiminika ufuoni, maji yanapanda kwa kasi na mchanga unakwisha. Idi kubwa ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, kwa hivyo huangukia maji mafu au karibu yake. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, siku hizi mbili hazifanani hata kidogo, japo ufuo ni ule ule na pilau ni ile ile.

Jambo jingine la kujua ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukupwa kabisa hupanda polepole, mtu akadhani ana muda. Saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia, na katika saa hizo mbili peke yake hupanda nusu ya kimo chote. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja unusu. Tena maji hayaanzii mbele ya macho yako. Huzunguka na kujaza kwanza ile sehemu ya chini iliyo kati ya fungu na nchi kavu, kwa hivyo aliye kwenye fungu huwa amesimama pakavu ilhali njia ya kurudi imeshafungwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu.

Kanuni yetu nyumbani sasa ni hii: kwenye fungu au mwambani tunakwenda wakati maji yangali yanakupwa, na yakianza tu kurudi kila mtu anageuka, hata kama amemwona pweza.

LIKIZO NA PEPO

Likizo ya Aprili huingia na mvua za masika. Kusi linaanza, maji ya mito yanatia bahari tope, hasa Malindi kwenye mdomo wa Sabaki, na siku nyingine hazifai kutoka. Panga safari fupi, na uwe na mpango wa pili wa mahali penye paa.

Agosti ni kusi. Jua si kali na upepo ni mwingi, kwa hivyo ni wakati mzuri wa mpira na tiara. Lakini bahari ina mawimbi na mwani hurundikana mchangani. Wageni hulalamika juu ya mwani. Waambieni watoto kwamba si uchafu. Huo ni chakula na makao ya wadudu wa pwani, na huulinda mchanga usichukuliwe na maji.

Novemba na Disemba kaskazi huingia. Maji hutulia na kuwa meupe mpaka waona chini, na ndio wakati bora wa kuogelea na kutazama matumbawe. Jua nalo huwa kali, na ufuo wa umma hujaa watu kutoka bara mpaka mtoto aweza kupotea hatua kumi kutoka kwenye mkeka wenu.

PA KWENDA

Bamburi na Nyali. Ufuo wa umma una faida kubwa: hapana wa kukuuliza waenda wapi, kuna watu wengi wa kusaidia, na chakula hakikosekani, kuanzia mihogo ya kukaanga, viazi karai na kachri hadi madafu. Watoto hupanda ngamia na tyubu, na vijana hucheza mpira maji yakikupwa. Fikeni mapema, mchague mahali penye alama isiyohama, kama mvinje au kibanda, na muwaonyeshe watoto kwamba hapo ndipo nyumbani kwa siku hiyo. Karibu na hapo pana Haller Park, iliyokuwa machimbo ya mawe ya saruji. Upandaji wa mivinje ulianza mwaka 1971 na leo ni msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa. Watoto wengi wamesikia kisa cha Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa hapo na kushikamana na kobe mzee aitwaye Mzee. Siku ya mvua au ya maji mabaya, hapo ni badali nzuri.

Mama Ngina, Mombasa mjini. Tangu ukarabati wa 2019 ni mahali pa kupunga upepo, kuzungusha baiskeli za watoto na kula mihogo huku meli zikipita mlangoni mwa bandari. Si mahali pa kuogelea. Chini ni majabali na mkondo wa meli. Wapitisheni watoto kwanza Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ambayo tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mtoto wa Mombasa asiyewahi kuingia ngomeni ana haki ya kutudai.

Tiwi na Diani. Ng'ambo ya Likoni mwamba uko mbali na nchi, kwa hivyo ndani yake kuna maji yaliyotulia. Tiwi, maji ya bamvua yakikupwa, mwamba huacha vidimbwi vyenye samaki wadogo, kaa na viti vya pweza. Ni darasa la sayansi lisilo na karo. Diani ina mchanga mweupe mrefu unaofaa kutembea alfajiri, na tumbili wa kuwaangalia wasikuibie mkate.

Gazi na Wasini. Gazi kuna daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, lililo mikononi mwa kina mama wa kijiji, na kijiji hicho hicho ndicho kilicho katika mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Wasini nako kina mama wana daraja lao linalopita katikati ya matumbawe ya zamani. Kutoka Shimoni boti huenda Hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambako mara nyingi pomboo huonekana. Safari hii yafaa watoto walio na umri wa shule na wasiosumbuliwa na kichefuchefu.

Kilifi, Watamu na Malindi. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zimekuwako tangu 1968. Kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita nje ya Watamu. Mida ina mikoko, ndege wa msimu na daraja la kuning'inia ambalo watoto hulipenda kwa sababu latikisika. Gede, mji wa mababu zetu ulioachwa katika karne ya 17, umetiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Una kivuli kingi, kwa hivyo wendeni saa za jua kali, kisha mwende baharini jua likipungua.

Lamu. Ufuo wa Shela ni mrefu, karibu kilomita 12, hauna mwamba mbele yake, na nyuma yake ni matuta ya mchanga ambayo watoto huteleza mpaka wachoke. Kwa kuwa hakuna mwamba, mawimbi huja na nguvu zake zote. Ogeleeni karibu na kijiji, si kule kwa peke yenu.

Hifadhi za bahari hutozwa ada na Shirika la Wanyamapori (KWS), na malipo hufanywa kwa eCitizen. Chukua kitambulisho ulipe kima cha mwananchi. Na popote utakapokodi boti, ngamia, tyubu au mpiga picha, bei ikubaliwe kabla mtoto hajapanda, na iwe wazi ni ya mtoto mmoja au wote, ya kwenda au ya kwenda na kurudi.

MICHEZO KWA UMRI

Walio chini ya miaka mitano hawahitaji bahari. Wanahitaji mchanga mbichi, ndoo, kijiko cha mbao na kidimbwi kisichopita vifundo vyao. Wachimbie shimo dogo karibu na maji, watakaa hapo mpaka njaa iwarudishe. Mlezi wao awe ameketi pale pale nao.

Wa miaka sita hadi kumi na miwili wape kazi. Wahesabu aina za kaa, watafute mashimo yao, waweke kijiti mahali maji yalipofika na warudi kila nusu saa kupima yamesogea kiasi gani. Mchezo huo wa kijiti ndio unaowafundisha bamvua na maji mafu kuliko maelezo yangu yote. Siku za kusi watengenezeeni tiara za karatasi na njiti za ukuti.

Vijana wana mpira wao. Lakini mkipata mtu mzima anayejua kuogelea vizuri, siku ya maji mafu adhuhuri ndio wakati wa masomo: kuelea chali kwanza, kisha kupiga miguu, kisha kupumua. Kuogelea ni katika michezo iliyosifiwa katika dini yetu, na ni ajabu kwamba Waswahili, watu wa bahari, twalea watoto wasiojua kuelea.

Wazee nao wasiachwe nyumbani kulinda mlango. Kiti cha plastiki, kivuli, bao au birika la kahawa chungu, na mjukuu wa kumsikiliza. Mama yangu ndiye aliyewafundisha wanangu majina ya pepo, na aliwafundisha ameketi chini ya mvinje.

USALAMA

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Kwa hivyo haya nayasema bila kupamba.

Anayezama hapigi kelele. Mdomo wake uko majini na mikono inasukuma maji. Kutoka mchangani waonekana mchezo. Ukimwita mtoto asijibu, usimwite mara ya pili. Mfuate.

Mtu mmoja awe zamu, kwa jina. Tukiwa watu wazima wanane, kila mmoja hudhani mwengine anatazama, na hapo huwa hatazami yeyote. Sisi twapeana zamu za nusu saa, na aliye zamuni hashiki simu, hali, wala hapigi soga. Hesabuni watoto kila zamu inapobadilika.

Tyubu si mlinzi. Humbeba asiyejua kuogelea mpaka kwenye kina ambacho miguu yake haifiki, kisha wimbi moja humtoa. Mtoto asipande tyubu bila mtu mzima aliyeishika. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha na lililofungwa, na kama hayako ya kutosha, shukeni.

Jihadharini na milango ya mwamba. Maji yakikupwa, yote yaliyo ndani ya mwamba hutafuta kutoka kupitia milango hiyo, na mkondo wake humshinda hata muogeleaji. Ukichukuliwa na mkondo usishindane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono uombe msaada, na ogelea ubavuni, sambamba na ufuo, mpaka utoke ndani yake. Waulize wavuvi na vijana wa ufuoni mlango uko wapi. Hao ndio wanaojua.

Kina mama, nawaomba mnisikilize kuhusu nguo. Buibui na dera zikirowa huwa nzito na hujifunga miguuni. Dada yangu siku ile hangeweza kumfuata mwanawe hata angekuwa hodari wa kuogelea. Kuna mavazi ya kuogelea ya sitara yanayouzwa mjini, na asiyeyaweza avae suruali nyepesi na fulana ndefu ya mikono ya kitambaa kinachokauka haraka, mtandio ufungwe nyuma. Sitara inabaki na miguu inakuwa huru. Chagueni pia saa za asubuhi mapema, ufuo hauna watu na mwaweza kuoga kwa raha.

Mwambani vaeni raba kuukuu, si ndara. Kuna wale viumbe weusi wa miiba, kuna taa aliyejifukia mchangani, na samaki wenye sumu. Aliyechomwa mguu, muweke kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha mpelekeni hospitali.

Aliyetolewa majini asiyepumua, msimning'inize kichwa chini wala msimkande tumbo kutoa maji. Mmoja apige simu 999 au 112. Mwengine amlaze chali, ainue kidevu, ampulizie pumzi tano mdomoni, kisha amkandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akizinduka mwenyewe apelekwe hospitali, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia baadaye.

JUA, CHAKULA NA SWALA

Fuo zetu nyingi zatazama mashariki. Asubuhi jua lawa usoni, na alasiri miti na nyumba zilizo nyuma yenu hutupa kivuli mchangani. Tandikeni mkeka mkijua hivyo. Kati ya saa tano na saa tisa mchana watoto wawe kivulini, na wanywe maji kabla hawajasema wana kiu. Dafu ni zuri, lakini halitoshi badala ya maji.

Pilau ya nyama iliyokaa kwenye sufuria tangu alfajiri huharibika kwa joto. Bebeni chakula kikavu: mahamri, mkate wa mofa, mayai, samaki wa kukaanga, matunda. Chakula kizito kiliwe mkimaliza kuoga.

Kuhusu swala, Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Ukisimama Bamburi, Nyali au Diani ukaitazama bahari, kibla ni upande wa mkono wako wa kushoto. Maji ya bahari yafaa kwa udhu. Beba mkeka mmoja wa swala usiotumiwa kwa chakula, na kanga kavu kwa kila mwanamke. Swala ya jamaa mchangani pia ni nafasi ya kuwahesabu watoto.

UFUO NI WETU SOTE

Mwaka juzi tulitembea na watoto mchangani kutoka ufuo wa umma, tukapita mbele ya hoteli moja. Bawabu akatuambia turudi, hapo ni pa wageni. Sikugombana naye, kwa kuwa naye ametumwa. Lakini mwanangu wa kiume aliniuliza: "Baba, kwani bahari ni ya nani?"

Jibu liko katika Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kukupwa ni ardhi ya umma, inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Viti vya hoteli na bustani yake vilivyo juu ya alama hiyo ni vyake, na tuviheshimu. Mchanga ule unaofunikwa na maji na kufunuliwa ni wako na ni wangu. Pita, salimia, usiingie bustanini, usiogope.

Hata hivyo haki ya mchanga haina maana kama njia ya kuufikia imezibwa. Vile vichochoro vya kuteremkia baharini, walivyopita wavuvi na wazee wetu, vingine vimezungushiwa kuta mpaka familia yazunguka mbali kutafuta pa kuingilia. Kinachonihuzunisha ni kwamba tusipovitumia hatutagundua vilipofungwa. Familia inayokwenda ufuoni kila mwezi huwa shahidi. Mkiona njia ya umma imezibwa, pigeni picha, andikeni tarehe na mahali, mpelekeeni chifu na diwani wenu, na mbaki na nakala.

Haki hii ina wajibu wake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi fuoni. Vyombo vya nyumbani hurudi nyumbani, na nepi za watoto pia. Msichukue makombe wala matumbawe. Ndani ya hifadhi ni kosa, na nje yake kombe tupu huwa nyumba ya kaa mwengine. Mkimwona kasa anataga usiku, zimeni tochi, mkae mbali, mwite wahifadhi. Mayai yake huchukua karibu miezi miwili kuanguliwa, na nyayo za mtu mmoja zaweza kuyaharibu.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na miwili. Mwaka mzima hakutaka kukanyaga maji. Yule kijana wa tyubu ndiye aliyemrudisha baharini, Jumamosi moja ya maji mafu, akimfundisha kuelea mahali pa kina cha kiuno huku mama yake amesimama karibu, suruali imemrowa mpaka magotini. Siku hizi kabla hatujatoka nyumbani yeye ndiye hutazama kalenda ya msikiti iliyobandikwa jikoni, kisha hutangaza saa ya kurudi. Sisi watu wazima twamtii.